Nyuzi Tano Kashaulili: Tunahakikije Muziki wa Laivu?

Uhakiki wa muziki kwetu ni uhakiki wa maneno. Fungua tasnifu za Kiswahili pale chuoni, fungua kurasa za burudani, utakuta nyimbo zimechambuliwa mstari kwa mstari: dhamira, taswira, tamathali za usemi, nafasi ya mwanamke. Sina ugomvi na kazi hiyo. Nimeandika mbili tatu za namna hiyo na nitaandika nyingine. Ila kuna muziki ambao ukiutoa maneno unabaki karibu vilevile, na ukiutoa sauti haubaki na kitu. Roki ni mmojawapo. Ndiyo maana tamasha lililofanyika hapa Mpanda, kata ya Kashaulili, Jumamosi moja ya Agosti mwaka jana, limepita bila kuandikwa na yeyote. Kilichobaki ni vipande vya video kwenye simu na ubishi wa vijiweni ambao mpaka leo haujaisha.

Nilikuwepo. Nilikwenda na mama mkubwa, mwanakwaya wa miaka zaidi ya thelathini. Mtoto wa kaka yangu, kidato cha tatu. Na rafiki yangu fundi mitambo wa redio, aliyekuja na mkewe. Watu watano, hukumu tano. Nimezisikiliza zote na ninazo hoja zangu. Kubwa kuliko zote ni hii: onesho la laivu linapaswa kupimwa kwa kile kinachoweza kuharibika mbele ya macho ya watu, na kwa namna wasanii na hadhira wanavyokiokoa kikiharibika.

Hilo si jambo geni kwa aliyesoma fasihi simulizi. Tulifundishwa kwamba kuna fanani, kuna hadhira, kuna tukio, na kwamba utungo huzaliwa upya kila unapotendwa. Tuliyaandika hayo kwenye mtihani, tukapata alama zetu. Tukitoka darasani tukakutana na gitaa la umeme, nadharia yote tunaiacha mlangoni, kana kwamba fanani ni lazima awe bibi kizee na hadithi ya sungura.

Niondoe kwanza wasiwasi mmoja. Wapo watakaouliza roki inahusiana nini na Mpanda, si ni ya Wazungu? Swali hili lina umri mkubwa. Novemba 1969, Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam, kwa hoja kwamba unaharibu vijana na utamaduni wa taifa. Marufuku haikuua hamu ya gitaa. Mwaka uliofuata Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walikwenda Japani kwenye maonesho ya Expo 70 pale Osaka. Msikilize Mbaraka katika solo zake ndefu uniambie kama huyo ni mtu anayeogopa umeme. Dar es Salaam hiyohiyo ikazaa Sunburst, bendi iliyochanganya roki, soul na midundo ya kwetu, ikatoa albamu ya Ave Africa mwaka 1976. Kwa hiyo roki ya Tanzania ilikuwepo. Kilichokosekana ni watu wa kuendelea kuisimulia.

Mpanda ilipata gitaa kwa njia zake. Ya kwanza ni reli, ile ya kutoka Kaliua ambayo mkoloni aliijenga kwa ajili ya madini ya risasi. Ukiwa na reli ya kwenda Tabora, basi uko jirani na mji wa Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, na wazee wa hapa wanalisimulia dansi hilo kama mtu anavyomsimulia ndugu wa mji wa pili. Njia ya pili huzungumzwa kidogo zaidi, nayo ndiyo iliyoleta tamasha la Agosti. Ni kanisa, hasa makanisa ya makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972: Katumba na Mishamo kwa upande wetu, Ulyankulu kwa upande wa Tabora. Nani nchi hii hajawahi kusikia Kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu? Jina lenyewe limebeba namba ya barabara ya makazi yale. Watu tunawakumbuka kwa nyimbo, kwa mafundisho, kwa sare. Mimi nakumbuka magitaa: lile la solo linalotangulia mbele ya waimbaji na kuwaonesha njia, na besi inayotembea chini yake bila haraka. Mwaka 2014 wakazi zaidi ya 160,000 wa makazi hayo matatu walipewa uraia wa Tanzania. Magitaa yao yalishakuwa ya Kitanzania zamani.

Sasa tuje uwanjani. Turubai limezungushwa, kiingilio shilingi 5,000, watoto 2,000. Agosti huku ni kiangazi chenyewe. Mavuno yameuzwa, mifuko ina chochote, na vumbi lipo la kutosha kila mtu. Jenereta limefichwa nyuma ya jukwaa ila halikubali kufichika. Upande wa kushoto chipsi na mishikaki, upande wa kulia vinywaji. Mama mkubwa alivaa kanga mbili, moja kichwani, akachagua kusimama karibu na nguzo. Si kwamba alijificha. Alisema tu kwamba pale haoni haja ya kusalimiana na kila mtu.

Aliyefungua alikuwa msanii mwenye jina, kutoka Dar es Salaam, na alikuja na plebeki. Kwa ambaye hajui, plebeki ni pale wimbo uliorekodiwa unapopigwa mzimamzima, sauti ya msanii ikiwemo, na yeye anaongezea maneno juu juu anapojisikia. Alikuwa na wacheza shoo wanne wazuri sana. Sauti ilitoka safi. Katika wimbo wa pili akashusha maiki mpaka kiunoni ili apungie watu mkono, na sauti yake ikaendelea kuimba mapenzi bila yeye. Hakuna aliyezomea. Watu waliinua simu wakarekodi. Dakika arobaini, akashuka, gari likamsubiri likiwa linanguruma.

Kisha ikapanda bendi. Sitaitaja jina, na sababu itaonekana mbele. Vijana sita: magitaa mawili, besi, drams, kinanda na mwimbaji. Wengi wao wamelelewa kwenye vyombo vya kanisa, na mpiga solo ni mtoto wa Katumba. Walikuwa na nyimbo zao wenyewe, nyingi za Kiswahili, mbili za Kiingereza. Gitaa la pili lilipitishwa kwenye pedali mpaka likakwaruza, ule mkwaruzo ambao ndio kitambulisho cha roki popote duniani. Mtoto wa kaka yangu akaziba masikio. Akaniambia, "Shangazi, hii spika imepasuka." Nikamwambia haijapasuka, ndivyo inavyotakiwa. Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu na muuzaji anasisitiza ni kizima.

Katika wimbo wa tatu, solo ikiwa ndiyo imeanza kupanda, uzi mwembamba wa gitaa ukakatika. Tuliokuwa karibu tuliuona ukirukia pembeni. Plebeki haina uzi wa kukatika. Hapa ulikatika, na kwa sekunde kama tatu uso wa yule kijana ulikuwa wazi kabisa, uso wa mtu anayepiga hesabu. Hakuwa na uzi wa akiba. Aliniambia baadaye kwamba nyuzi wanaagiza kwa basi, na zilikuwa hazijafika.

Kilichofuata ndicho ninachokiandikia makala hii. Mpiga besi hakusubiri kuambiwa. Alibaki kwenye noti mbili tu, akazirudia, drams nazo zikapunguza kelele mpaka ukabaki mguu na ukingo wa kigoma kidogo. Yule wa solo akaichukua melodi aliyokuwa anaipandisha akaishusha kwenye nyuzi nene, chini kabisa, mahali ambapo haikutungwa iwe. Melodi ileile, lakini sasa ilikuwa na uzito wa mtu mzima. Kilichokuwa kinapiga kelele kikawa kinanong'ona. Wimbo ulikuwa unahusu kijana anayeondoka nyumbani alfajiri bila kuaga, na mpaka pale ulikuwa wa kawaida tu, tena wenye maneno ya kawaida. Baada ya uzi kukatika tulimsikia anayeondoka, na tukamsikia na anayejifanya amelala.

Mama mkubwa akanishika mkono. "Hilo gitaa nalijua," akasema. "Hilo linatuita sauti ya kwanza tuingie." Alikuwa sahihi kiufundi. Kijana alipobanwa alirudi kwenye lugha aliyojifunza kwanza, lugha ya gitaa la kwaya linalotangulia waimbaji na kuwaachia mlango. Tofauti ni kwamba hapa hapakuwa na waimbaji wa kuingia. Mlango ulibaki wazi, na baadhi yetu tukaanza kuimba bila maneno, chini chini, kujaza nafasi ile. Hakuna aliyetuomba.

Linganisha na jambo lililotokea robo saa baadaye. Mwimbaji wa bendi, bila shaka kwa kuangalia video, alijaribu mchezo maarufu wa Freddie Mercury: kutupa sauti bila maneno, watu wairudishe. Mercury, kwa jina la kuzaliwa Farrokh Bulsara, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, na familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964. Tarehe 13 Julai 1985, kwenye tamasha la Live Aid uwanjani Wembley, aliwaitikisha watu wapatao 72,000 kwa koo lake tu. Wengi huliita onesho lile la dakika kama ishirini onesho bora la roki kuwahi kutokea. Kiini chake ni kitu ambacho kila mtoto wa Mpanda anakijua kabla hajajua kusoma: mmoja anaita, wengi wanaitika.

Lakini Kashaulili hawakuitika. Mwimbaji alitupa sauti, ikarudi peke yake pamoja na mngurumo wa jenereta. Akatupa tena. Vijana wachache mbele wakacheka. Sauti aliyoitupa ilikuwa ya kuigwa na muda wake ulikuwa wa kuigwa. Haikutuachia sehemu ya kuingilia. Ndipo mpiga drams akaacha vijiti, akaanza kupiga makofi, makofi yale ya mapambio, mawili na moja. Uwanja mzima ukashika. Mwimbaji akaelewa haraka, akaacha kutupa na akaanza kuita kwa sentensi fupi za Kiswahili, na majibu yakaja kabla hajamaliza. Hapo ndipo roki ilipokuwa yetu, na aliyeileta alikuwa mtu wa nyuma kabisa ya jukwaa aliyewasikiliza watu kwa dakika mbili kabla ya kuamua.

Usidhani natoa sifa tupu. Bendi hii ina kasoro na nitazitaja. Nyimbo za Kiingereza zilikuwa dhaifu. Mwimbaji anatamka maneno kana kwamba anayarudisha dukani. Kinanda hakikuwa na kazi, kilifuata gitaa kila lilipokwenda kama mdogo mtu. Solo mbili za mwisho zilikuwa ndefu bila sababu, na huo ni ugonjwa wa roki toka zamani. Na rafiki yangu fundi mitambo ana hoja nzito: mchanganyo wa sauti ulikuwa mbaya. Maiki ya mwimbaji ilizama chini ya magitaa, kwa hiyo anayetaka maneno alipata nusu yake. "Dada, laivu si kisingizio," alisema. "Laivu inataka fundi, na fundi anataka saa mbili za kujaribu vyombo. Wamepewa dakika kumi." Nakubaliana naye kabisa. Ukipanga ratiba ambayo mwenye plebeki anapewa kila kitu na wenye vyombo wanapewa mabaki, umeshaandika matokeo kabla watu hawajanunua tiketi.

Hoja ya mtoto wa kaka yangu nayo naiheshimu. Tulipokuwa tunarudi alisema, "Shangazi, yule wa kwanza alisikika kama kwenye simu. Ndicho nilicholipia." Kizazi chake kimeujua wimbo kwanza kama kitu kilichokamilika, na kwake onesho ni kuthibitisha kwamba kitu hicho kipo kweli. Kumwambia kwamba hajui muziki ni uvivu. Nilimuuliza swali moja tu: wimbo gani wa usiku huu huwezi kuusikia tena kesho? Alitembea hatua kadhaa kabla ya kujibu. "Ule wa uzi," akasema, halafu akaongeza haraka kwamba hata hivyo spika ilikuwa imepasuka.

Kuna kipimo kingine, cha huku huku kwetu. Katavi ina Wasukuma wengi, na Wasukuma wana utaratibu wa ushindani wa ngoma ambao mhakiki yeyote angeuonea wivu. Makundi mawili, Wagika na Wagalu, hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watu wako huru kuhama. Anayevuta wengi ndiye mshindi. Miguu ya hadhira ndiyo uhakiki.

Nikipima Agosti kwa kipimo hicho, msanii wa plebeki alishinda kwa idadi. Alipomaliza, pengine theluthi ya watu waliondoka. Siwezi kuficha hilo. Lakini wakati wake watu walikuwa wametawanyika uwanja mzima, wengine wamelipa kisogo jukwaa, wakisubiri mishikaki. Wakati wa bendi waliobaki walisogea. Mpaka mwisho palikuwa na nafasi tupu kubwa nyuma na msongamano mbele, na mwenye chipsi alikuwa ameacha jiko akaja kusimama na sisi. Ngoma ya Wagika na Wagalu inahesabu waliokuja. Mimi nahesabu na umbali waliosogea.

Naweza kuambiwa kwamba haya ni mambo ya starehe, na Mpanda ina shida kubwa zaidi ya gitaa. Basi nieleze gharama yake. Wiki mbili baada ya tamasha, mpiga solo alisimamishwa kupiga chombo kanisani kwake kwa kushiriki muziki wa dunia. Kwa mtu wa mjini hiyo ni adhabu ndogo. Kwa yeye ni kunyang'anywa shule, kwa sababu gitaa analojifunzia ni la kanisa, spika ni za kanisa, na chumba cha mazoezi ni cha kanisa. Hapa hakuna ukumbi wa dansi wenye bendi ya kudumu ambako kijana angekwenda kushika chombo chini ya mzee. Dansi la Tabora limebaki kwenye simulizi. Promota analeta plebeki kwa sababu ni rahisi kusafirisha: msanii mmoja, kompyuta moja, gari moja. Kanisa linafundisha, halafu linafunga mlango. Katikati yake kijana mwenye nyuzi tano anabaki hana pa kusimama.

Mama mkubwa anasali kanisa hilohilo. Kwenye kikao cha kwaya alisimama akauliza swali moja: "Mimi pia nilikuwepo, nilisimama karibu na nguzo. Mbona sijasimamishwa?" Mpaka naandika haya hajajibiwa, na kijana hajarudishwa. Mama mkubwa haipendi roki. Anasema ina kelele za bure na kwamba yule wa gitaa la kukwaruza angefaa kuwa fundi wa kuchomelea mageti. Ila anajua kupiga ni nini, na anajua kwamba alichokifanya kijana yule baada ya uzi kukatika hakikutoka kwa shetani. Alikifundishwa palepale, Jumapili baada ya Jumapili, akiitangulia kwaya.

Ndiyo maana nasema uhakiki wa maneno peke yake hautoshi. Ukichukua maneno ya wimbo ule wa tatu ukayachambua, utakuta shairi la wastani kuhusu kijana anayeondoka nyumbani, na utakuwa umesema kweli. Hutakuta besi iliyosubiri, hutakuta melodi iliyoshuka, wala watu walioingia kwenye mlango ulioachwa wazi. Hakuna rekodi nzuri ya usiku ule; kwenye simu zetu kuna jenereta zaidi ya gitaa. Tusipojifunza kuandika sauti, nani alifanya nini, kwa chombo gani, na watu walifanya nini alipofanya, basi miaka hamsini ijayo atatokea mtu wa kuuliza roki inahusiana nini na Mpanda, na hatakosa haki ya kuuliza.

Bendi bado ipo. Wanafanya mazoezi nyumbani kwa mpiga besi, bila umeme wakati mwingine, na mpiga solo ameazima gitaa. Nyuzi zilifika na basi Jumatatu ile, siku mbili baada ya onesho.